Buluu Chini ya Kijani

Watu wanaopita mbele ya atelye, karakana yangu, hapa Kamina, wakiniona nimeinama juu ya motokari ndogo ya bati, brashi ya nywele tatu mkononi, husema, "Uyu papa iko na roho ya kutulia." Kutulia gani! Mwaka huu nimepaka motokari moja nikiwa nimeuma meno tangu rangi ya chini mpaka ya mwisho. Kama rangi ingekuwa na masikio, ingekimbia. Hasira yenyewe bado ninayo, na naiandika kabla haijanitoboa tumbo.

Mimi ni fundi wa bati. Siku hizi watu wananunua plastiki, kazi ya ndoo na masufuria imepungua, basi naunda motokari za zamani kwa kipimo cha moja kwa kumi: iliyokuwa na mita nne inatoka sentimeta arobaini. Bati nalitoa kwenye makopo ya mafuta. Vioo ni chupa za maji zilizokatwa. Magurudumu ni mpira wa ndani wa baiskeli. Ule ukingo unaong'aa mbele na pembeni ni karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, naisugua kwa ukucha mpaka ikamate. Wateja wangu ni watu ambao zamani walikuwa na motokari, au baba zao walikuwa nazo, na leo wanatembea kwa miguu. Wanaiweka juu ya kabati karibu na televizyo, na mgeni akiingia wanamwambia, "Angalia, hii njo ilikuwa ya shiye," yaani hii ndiyo iliyokuwa yetu. Si mchezo wa watoto. Mtoto akigusa, napiga kelele mpaka jirani anatoka nje.

Mwezi wa tano, kiangazi kimeanza na vumbi nalo limeanza, aliingia mama mmoja bado kijana, mzigo wa samaki wa kukauka begani. Alikuja kutoka Kasai kununua samaki wa Mulongo, na treni ya kumrudisha ilikuwa haijafika, siku ya tatu sasa. Alikuwa anazunguka mji kupoteza wakati tu. Akatua mzigo, akaangalia rafu yangu kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliyefundishwa kwamba vitu vya watu haviguswi.

"Moyo wenu, yaya," akanisalimu kwa Kiluba, akiniita kaka. "Hizi motokari, weye njo unatengeneza?"

"Minyi mwenyewe, mama."

"Muntu akikuelezea na kinywa tu, bila foto, utaweza?"

"Foto ilipotea?"

"Haikuwako. Hata motokari yenyewe, sijue kama ilikuwako."

Nilicheka. Nikamsogezea kiti nikamwambia aeleze. Akaeleza, na kabla hajamaliza mimi sikuwa nacheka tena.

Baba yake alikuwa karani wa reli hapahapa Kamina. Mkasai. Wakati ule Wakasai walipofukuzwa Katanga, mkoa wetu huu, alipanda treni na mke mwenye mimba, sanduku mbili na godoro. Mke alifika, akazaa, akafa. Huyu mama aliyeketi mbele yangu njo yule mtoto. Baba akaoa tena huko, akapata watoto wengine, akawa maskini wa kuuza chumvi na sabuni mbele ya nyumba. Na maisha yake yote aliwaambia watoto kwamba yeye ana motokari. Iko Kamina. Aliiachia ndugu yake, jirani yake wa kambi ya reli, na huyo ndugu anamtunzia. Jina la ndugu hakulitaja kamwe. "Ndugu yangu," basi. Siku mambo yatakapotulia ataenda kuichukua, na watoto wataenda nayo masomoni.

Watoto hawakuamini. Nani angeamini? Mtu anauza chumvi kwa kijiko, anasema ana motokari. Ikawa msemo wa nyumba. Mwalimu akiahidi kurudisha daftari na harudishi, wanasema iko njiani, inakuja na motokari ya papa. Nyama ikikosekana, inakuja na motokari ya papa. Mama wa kambo alicheka, watoto walicheka, majirani wakajifunza nao wakacheka. Mzee mwenyewe alikuwa akicheka nao kidogo, halafu anarudi kwenye chumvi yake.

"Na weye?" nikamuuliza.

"Minyi pia nilicheka," akasema. "Alikufa mwaka jana, na nilikuwa nimemucheka hata kwa kitanda ya hopitali."

Matanga ya kumaliza kilio yalikuwa yamepangwa mwezi wa nane. Kwao siku hiyo wanaweka meza na kitambaa cheupe, juu yake foto ya marehemu na vitu alivyovitumia: miwani, Biblia, kofia yake ya reli. Yeye alitaka motokari iwe pale mezani.

"Hata kama ilikuwa ya uongo," akasema. "Alikuwa anaipenda."

Nilichukua daftari. Mteja asiye na foto namfanya hivi: afumbe macho, aizunguke motokari kwa kinywa, aanzie taa za mbele, ashuke upande wa kushoto, arudi kulia, halafu aingie ndani. Akiruka kitu namrudisha. Akafumba macho. Chini buluu, kama sketi ya masomo. Juu rangi ya maziwa ya kopo. Taa mviringo, ya kushoto ina ufa. Viti vyekundu. "Na pale anashikaka kubadilisha vitesi, kulikuwa kichwa ya muti. Alichonga yeye mwenyewe. Kichwa ya kuku."

Penseli yangu ilisimama.

Kichwa cha kuku kile nakijua. Mdomo wake ulikuwa na ncha, ulinichoma kiganja mara nyingi. Nilikuwa nakikamata nikiwa nimepakatwa na baba, yeye anaweka mkono wake juu ya wangu, tunabadilisha vitesi, yaani gia, pamoja. Kilikuwa ndani ya motokari yetu. Ya kijani.

Ngoja, niseme vizuri. Motokari ya baba yangu ilikuwa ya kijani kile cha mabehewa ya reli, kwa sababu ilikuwa ni rangi ya mabehewa yenyewe, ametoka nayo depo kwenye bidoo, yaani dumu. Aliipaka kwa brashi ya ukuta, mchana kweupe, mbele ya nyumba, kambi nzima ikitazama. Na aliipaka kama wanavyopaka behewa: ulipo ubao unapaka, palipofungwa unapita. Mpakaji wa motokari anatoa milango kwanza. Baba hakutoa. Basi kila mlango ulipofunguka, kingo zake na fremu yake zilibaki buluu. Miaka yote ile tulipanda kwenye motokari ya kijani tukipitia mlango wa buluu. Siku moja nilimuuliza, "Baba, juu ya nini huku iko buluu?" Akanipiga kofi. Si mtu wa kupiga, baba yangu. Ni kofi moja tu nimepata kwake katika maisha yangu.

Usiniulize kama nilijua. Nilikuwa na miaka sita Wakasai walipoondoka. Namkumbuka jirani mmoja aliyekuwa akipiga mluzi akivaa kofia asubuhi, na mke wake aliyekuwa akinipa mandazi ya moto juu ya ukuta. Siku moja hawakuwepo, na siku chache baadaye tulikuwa na motokari. Mtoto anajua. Anajua halafu anaambiwa kwamba hajui, na anakubali kwa sababu kiti cha dirishani ni chake. Na kambi yote ilijua! Wazee wote wale wa reli, wamama wote waliobebwa na motokari ile kwenda kuzaa hopitali, walijua rangi ya chini. Hakuna aliyefungua kinywa.

Nilimwambia yule mama arudi mwezi wa saba. Hilo tu njo nilisema. Akashukuru, akabeba samaki zake.

Baba yangu yuko hai. Anakaa katika nyumba ileile ya kambi, ni mzee wa kanisa, anaombea wagonjwa, watu wanamvulia kofia barabarani. Nilimkuta uani anamenya karanga.

"Baba, ile motokari ya kijani ilikuwa ya nani?"

Aliendelea kumenya. "Ya shiye."

"Na mbele ya kuwa ya shiye?"

"Ya muntu alienda."

"Alienda, ao walimufukuza?"

Akatua sinia. "Weye ulikuwa mutoto. Hauwezi kujua namna gani ilikuwa. Motokari ya Mukasai walikuwa banaichoma na moto, pale pale njiani. Kama sikuipaka, wangeichoma."

Nilitaka kumwamini, Mungu ni shahidi. Kwa dakika moja nilimwamini, na moyo wangu ulipoa. Kumbe aliipaka ili aifiche! Kumbe aliitunza kweli! Halafu nikauliza swali ambalo kila mtu angeuliza.

"Na mambo ilipotulia?"

"Ilitulia lini?"

"Baba! Ilitulia. Treni zilianza kutembea. Aliandika?"

Akachukua karanga moja, akaigeuza vidoleni, hakuimenya.

"Aliandika barua tatu. Alizituma na bakubwa ba treni."

"Akisema nini?"

"Akisalimia. Akiuliza kama motokari iko salama, na kama niko ninawasha moteri kila juma, isife."

"Ulimujibu?"

"Ningemujibu nini?"

Ekie! Ningemjibu nini! Nikapaza sauti pale uani. "Ungemujibu: motokari iko! Maneno mawili! Ulikuwa nayo pale mbele ya mulango, uliona jua likiipiga, na ulishindwa kuandika maneno mawili?"

"Usinipigie kelele ndani ya parsele yangu."

"Alikuita ndugu yake mpaka akakufa! Watoto wake walimucheka mpaka akakufa!"

Hapo ndipo alipolileta lile ambalo nadhani alikuwa ameliweka tayari miaka mingi. Akasema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, "Ile motokari njo ilikusomesha. Nilipoiuzisha kwa ule muntu wa Kabongo, weye njo uliingia masomo ya ufundi. Hii mikono unapatia chakula, inatoka mule."

Huwa nasikia watu wakisema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yangu ilikuwa ndefu, ilinipitisha shule, ikanipa cheti, ikanifikisha mpaka atelye. Kisha akaanza kuniomba. Nisimwambie yule mtoto wa watu. Yeye ni mzee, hana siku nyingi, ningoje tu afe kwanza, halafu niseme ninachotaka. Kanisani watamtazamaje?

Na mimi, jamaani, nilimwambia, "Ndiyo, baba."

Kwa hilo nilijikasirikia mimi pia, na si kidogo. Nilirudi atelye nimebeba siri ya watu wawili, nikajidanganya kwamba nikimfanyia yule mama motokari nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, itakuwa kama nimesema kweli. Rangi nzuri badala ya kinywa. Ndivyo mtu mwoga anavyohesabu.

Niliipiga bati kwa hasira mpaka paa la kwanza likapasuka. Nikakata lingine. Kiangazi ni adui wa rangi. Upepo unaleta vumbi jekundu na kila chembe inakaa juu ya rangi mbichi kama kipele. Nililoweka sakafu maji, nikatundika shuka zenye maji mlangoni na dirishani, nikafanya kazi humo ndani kama mtu aliyefungiwa jela. Rangi ya chini, ya kijivu. Msasa na maji. Rangi ya chini tena. Msasa tena, ule laini kabisa, mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Halafu buluu. Buluu ya kwanza ilitoka nzito, kama ya polisi. Nikaitoa yote kwa dilya, maji ya kuyeyushia rangi, nikaanza upya. Ya pili ikapata vumbi. Nikaitoa. Wanafunzi wawili wanaopita hapo kila siku walinisikia natukana kwa Kiluba wakakimbia. Ya tatu nilichanganya nyeupe kidogo na tone moja la nyeusi, nikaipeleka mwanga wa mlangoni, na ikawa ndiyo. Ilikuwa ileile ya fremu za mlango. Nilikaa chini. Sijui nilikaa muda gani, lakini nililia, na sikulia kwa huzuni. Nililia jinsi mtu analia anapotaka kupiga mtu na mtu mwenyewe ni mzazi wake.

Kingo za milango nilizipaka kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kila ukingo, na ndani ya fremu, mara nne, kwa sindano iliyofungwa uzi. Sikuacha hata unywele mmoja wa bati bila buluu. Mtu mwingine yeyote asingeona. Lakini ilikuwa mimi na baba yangu tunapigana pale, na niliapa kwamba mahali pale alipopita bila kupaka, mimi nitapaka.

Chini ya paa niliziba na skochi, utepe wa kunata, nikaweka rangi ya maziwa juu. Taa ya kushoto niliichora ufa kwa ncha ya wembe. Viti nilivishona kwa ngozi ya kiatu cha mke wangu, na yeye bado ananidai maneno juu ya kiatu hicho. Kichwa cha kuku nilikichonga kwa mti wa mpera, kidogo kama punje ya mchele, na nilivunja vitano kabla ya kupata cha sita. Halafu vishikio vya kufungulia vioo, vinne. Vitatu nilivikunja kwa waya. Cha nne, mlango wa nyuma upande wa kulia, nilikata bati nyembamba, nikaliponda kichwa, nikalikunja shingo, nikaliweka mahali pake. Mkono ulifanya, mimi nilikuwa nawaza baba. Nikafunga mlango, nikaanza kusugua ukingo unaong'aa.

Mwezi wa saba mwishoni yule mama akarudi. Aliingia amevaa kitenge cha kilio, akasimama mbele ya meza, na nikaondoa kitambaa.

Akainama. Akaizunguka meza yote, polepole, mikono bado nyuma. Alipoona taa yenye ufa akasema "Mm." Alipochungulia dirishani akaona kichwa cha kuku, akacheka peke yake, cheko la mtu aliyesikia sauti anayoijua. "Yaya, Mungu akubariki. Inafunguka?"

"Inafunguka. Tumia ukucha."

Akafungua wa mbele. Akafungua wa nyuma. Akabaki vilevile, ukucha mlangoni.

"Hii ni nini?"

"Iko ya kufungulia kioo."

"Iko kijiko."

Nikaangalia. Ilikuwa kijiko. Mungu wangu, nilikuwa nimeunda kijiko. Motokari ile upande wa kulia nyuma ilikosa kishikio, na mtu alikuwa amekunja kijiko cha chai akakifunga pale. Utoto wangu wote nilifungulia kioo kwa kijiko, na mkono wangu ulikifanya bila kuniuliza.

"Yaya," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa, "minyi sikukuambia kijiko. Sikumuambiaka muntu. Ilikuwa kijiko ya mama yangu. Mama mwenyewe njo alikikunja, akakiweka. Papa aliniambia minyi peke yangu, alikataza nisiwaambie bale bengine, juu watamucheka mama pia. Nani alikuambia?"

Ningeweza kusema uongo. Ulikuwa umekuja kinywani tayari: motokari nyingi za zamani zilikuwa hivyo, mama, ni kawaida ya mafundi. Niliusikia ukinisukuma meno kwa ndani. Na nikasikia pia kwamba hiyo ni sauti ya baba yangu, neno kwa neno, na nikachukia.

"Hakuna aliniambia," nikasema. "Nilikiona. Nilikishika. Ile motokari ilikuwa. Papa yako hakusema uongo hata siku moja. Ule ndugu yake ni baba yangu."

Nikamwambia yote. Rangi ya mabehewa, barua tatu, mtu wa Kabongo, masomo yangu. Nilisema haraka haraka nikiangalia sakafu. Alikuwa ameketi juu ya bidoo la mafuta, na nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Aliweka tu mkono mmoja juu ya paa la motokari.

"Iko muzima? Baba yako?"

"Muzima. Nikupeleke? Twende sasa hivi, nitasimama nawe mbele yake."

"Minyi sina kazi na yeye." Akasimama, akafunga kitenge vizuri. "Kazi iko kwetu. Bandugu zangu bote bataketi pale, na mama wa kambo, na majirani. Weye utakuja. Utasimama mbele ya ile meza, utasema na kinywa. Sitaki barua. Barua papa aliandikaka."

Nilimwambia nitakuja. Akaniachia motokari, niilete mwenyewe.

Jioni ileile nilikwenda kwa baba kumwambia kabla hajasikia kwa mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho. "Unaniuzisha," akasema.

"Hapana."

"Unaenda kunipatisha haya mbele ya bantu."

"Baba, haya hiyo mwenzako ameibeba miaka yote. Bamemucheka mpaka kwa kaburi. Hata kidogo, tubebe na shiye."

"Twende wote," nikaongeza, kwa maana bado nilikuwa na tumaini la kijinga. "Panda treni na minyi. Sema weye mwenyewe." Akageuza uso, akasema miguu inamuuma. Miguu! Mtu huyo hutembea mpaka kanisa la kando ya mji kila Siku ya Mungu. Niliondoka bila kumuaga, na ni mara ya kwanza nimeondoka kwa baba yangu bila kuaga.

Treni ilichukua siku nne. Niliishika motokari magotini ndani ya sanduku la katoni, sikuruhusu mtu aweke hata kikombe juu yake.

Matanga yalifanyika uani, chini ya turubai. Meza ilikuwa pale kama alivyosema: foto, miwani, Biblia, kofia. Katika foto nilimtambua, mwembamba sasa, mzee, lakini midomo ileile ya kupiga mluzi. Yule mama, dada yao mkubwa, aliitoa motokari ndani ya katoni mbele ya watu wote, akaiweka kwenye kitambaa cheupe, na kicheko kikaanza nyuma kwa vijana, kile cha mazoea. "Ekie, imefika! Imefika kweli!" Mama wa kambo mwenyewe alitabasamu akafunika kinywa. Dada akasema, "Mungoje. Kuna muntu anatoka Kamina." Na akaketi, akaniacha peke yangu.

Nilisema. Sikupamba. Nilisema motokari ilikuwa, ya buluu, yenye paa la maziwa. Nilisema aliiachia jirani aliyemwita ndugu, na jirani huyo ni baba yangu, na hakuitunza. Tuliichukua. Tukaipaka kijani, tukaipanda, tukaiuza. Barua zilifika, zote tatu, na hazikujibiwa. Papa wa nyumba hii hakuwa mwongo. Waongo tulikuwa sisi. Nilipomaliza, shati lilikuwa limenishika mgongoni.

Hakuna aliyecheka. Mjomba mmoja akauliza kwa ukali ni nani amenituma, na nilifurahi kwamba mtu amekasirika, nikamjibu kwamba sikutumwa, nilikuja na haya yangu mwenyewe. Mama wa kambo alikuwa ameshusha mkono kutoka kinywani na hakujua auweke wapi.

Halafu akasimama mdogo wa mwisho wa familia, mwanaume wa miaka kama ishirini na tano, mrefu, kofia mkononi. Aliuliza kwa adabu kabisa.

"Yaya, weye ulipandaka ndani?"

"Nilipandaka."

"Ilikuwa namna gani?"

Nilitaka kumwambia ilikuwa kuukuu, ilikuwa inatoa moshi, inazimika kila kilima. Ingemsaidia, na ingenisaidia mimi zaidi. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo. Nikamwambia ilikuwa nzuri. Viti vilikuwa laini, vina harufu ya ngozi na petroli. Nilikaa dirishani siku zote, upepo unanipiga usoni, na baba alikuwa anatupeleka mpaka mlango wa masomo, akipiga honi, watoto wote wanatazama. Hakuna mtoto kambini aliyekuwa na furaha kama yangu. Niliposema hivyo nilimkasirikia baba kuliko siku zote, kwa sababu ilikuwa kweli.

Yule kijana aliitikia kwa kichwa. Akaangalia motokari, akaangalia foto.

"Shiye tulikuwa tunaenda na miguu," akasema, akaketi.